Asi na jeki mkononi, dereva kapandisha: nifuate au nitupe?

Swali la msomaji: "Shikamoo Mwalimu. Niko Malaba upande wa Uganda, kazi yangu ni uwakala wa forodha. Jioni, malori yakiwa bado kwenye foleni, tunakaa nyuma ya banda la chapati watu wanane, madereva na mawakala, tunacheza poka ya Texas Hold'em kwa vizibo vya soda. Kila mtu anaanza na vizibo 200, madau ya lazima ni 1 na 2. Wa kwanza kuishiwa anawanunulia wote rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai), kisha mchezo unaanza upya. Mwezi huu nimenunua mara nne. Karata mbovu najua kuzitupa, na jozi ya asi hata mtoto anajua kuicheza. Zinazonimaliza ni za katikati: asi na jeki, kingi na kwini, jozi ya jeki, jozi ndogo ndogo. Juzi nilishika asi na jeki. Dereva aliyekuwa wa kwanza kuongea akapandisha, nikafuata. Asi ikatoka mezani, nikafurahi, nikamlipa mpaka karata ya mwisho. Akafunua asi na kingi. Naomba orodha: ipi nicheze, ipi nitupe? Na nikiwa nimeshaweka dau la lazima, kutupa si ni hasara?"

Marahaba, ndugu yangu, na pole. Rolex za watu wanane mara nne, hayo ni mayai ya kutosha kumfanya mwenye banda aombe uendelee kufungwa.

Orodha ningeweza kukupa. Karata mbili za mwanzo zinaweza kukujia kwa njia 1,326. Ukikusanya pamoja zinazofanana zinabaki aina 169, na mtu mwenye kichwa chepesi anazikariri kwa jioni mbili. Shida ni kwamba orodha yoyote itakuambia asi na jeki ni karata za kuchezwa. Nawe ulizicheza, na mayai ukayalipa. Hizi za katikati hazina jibu moja. Jibu linategemea nani ameshaongea kabla yako, nani bado hajaongea, na jambo ambalo wengi hawajiulizi: nikikipata ninachokitafuta pale mezani, ni nani atakayenilipa?

Tuelewane kwanza kwa maneno. Asi ni ile ambayo wazee wa pwani huiita ree. Kila mchezaji hupewa karata mbili za siri, kisha mezani hufunuliwa tano za wote: tatu kwa mpigo, halafu moja, halafu moja; anashinda mwenye karata tano bora kati ya hizo saba. Kapu ni vizibo vyote vilivyo katikati. Kufuata ni kulipa dau la mwenzako kama lilivyo, kupandisha ni kuliongeza, kutupa ni kuzirudisha karata kifudifudi na kungoja mgao mwingine.

Turudi kwa yule dereva. Alikuwa wa kwanza kuongea, nyuma yake kuna watu saba ambao hajui wameshika nini, na bado akapandisha. Mtu makini hafanyi hivyo kwa karata za mzaha. Tuseme anapandisha pale akiwa na jozi ya asi, ya kingi, ya kwini, ya jeki au ya kumi, au akiwa na asi na kingi, au asi na kwini. Wewe umeshika asi moja na jeki moja, kwa hiyo huko nje zimebaki asi tatu na jeki tatu. Hesabu pamoja nami. Jozi ya asi anaweza kuwa nayo kwa njia 3, ya jeki njia 3. Ya kingi ni njia 6, ya kwini 6, ya kumi 6. Asi na kingi: asi tatu mara kingi nne, njia 12. Asi na kwini, 12 nyingine. Jumla 48.

Katika njia hizo 48, wewe uko mbele katika ngapi? Hakuna. Hata moja. Jozi ya kumi ndiyo mnayokaribiana nayo, na hata hiyo inakuzidi kidogo. Mbaya zaidi, katika njia 30 umekaliwa. Kukaliwa ni hivi: mwenzako ana karata ile ile uliyo nayo wewe, lakini ya pili yake ni kubwa kuliko ya pili yako, au ana jozi kamili ya karata yako moja. Asi na jeki ikikaliwa na asi na kingi hushinda takriban mara moja kati ya nne.

Kwa hiyo ulipokosea si pale mwisho ulipolipa dau la karata ya tano. Ulikosea mapema, kabla hata ya karata moja kufunuliwa mezani, ulipoona asi mkononi ukasahau nani amepandisha na kutoka kiti gani.

Na hapa ndipo penye siri ya karata hizi zote zinazokumaliza. Asi na jeki ikikosa haikuumizi. Karata tatu za kwanza zikifunuliwa, mara mbili kati ya tatu hakutakuwa na asi wala jeki. Utatupa, umepoteza vizibo sita au saba, maisha yanaendelea. Inakuumiza ikipata. Asi imetoka mezani, wewe una asi, roho inatulia. Lakini jiulize nani anabaki kukulipa. Mwenye jozi ya kingi ataiona ile asi na kunywea. Atakulipa dau moja kisha atupe. Mwenye jozi ya kumi hatalipa hata hilo moja. Atakayekulipa mpaka mwisho, tena kwa furaha, ni mwenye asi na kingi au asi na kwini. Yaani ukishinda unapata kikapu cha nyanya, ukishindwa unatoa lori zima. Hiyo ndiyo biashara uliyoifanya juzi.

Usinielewe vibaya, simaanishi asi na jeki ni takataka. Badilisha mtu tu, hesabu inageuka. Kama pale kwenu kuna yule dereva mropokaji, anayepandisha kwa karata yoyote yenye picha na kwa asi yoyote hata yenye mbili pembeni, basi asi na jeki yako inamkalia yeye. Huyo mfuate, au mpandishie juu yake mbaki wawili. Ndiyo maana naona ni bora uwajue watu saba wa meza yako kuliko kukariri aina 169.

Badilisha kiti vilevile. Meza ya watu wanane, wewe ndiye wa kwanza kuongea, umeshika asi na jeki, nyuma yako wako saba. Uwezekano kwamba angalau mmoja wao ana jozi ya jeki au zaidi, au asi na kingi, au asi na kwini, ni zaidi ya mara moja kati ya tano. Sasa kaa kwenye kiti cha mgawaji, wote wametupa, wamebaki wawili tu waliolipa madau ya lazima. Uwezekano ule ule unashuka mpaka kama mara moja kati ya 15. Karata hazijabadilika hata chembe. Pale kwanza mimi nazitupa bila kujuta, au nazipandisha tu kama meza ni ya watu waoga. Hapa kwa mgawaji napandisha kila zinapokuja.

Kiti cha mgawaji kina faida nyingine: karata za mezani zikishafunuliwa unaongea mwisho. Wewe ni wakala, unajua sokoni anayetangulia kutaja bei ndiye anayeumia. Ukiwa wa mwisho, wenzako wameshataja bei zao. Wakipita wote kimya, unaweka dau. Wakianza kuweka, unajua.

Nadhani sehemu ya tatizo inatoka kwenye mchezo wetu wa karata uitwao matatu, ambao sote Uganda tumeukulia. Kule asi ni rafiki, unaiweka unaomba aina unayoitaka. Lakini hata kule, mtu akikata mchezo, yaani akiumaliza, asi ingali mkononi mwako, pointi zake zinahesabiwa dhidi yako. Mazoea ya sehemu ya kwanza tumeyabeba mpaka kwenye poka, ya sehemu ya pili tumeyaacha.

Kingi na kwini nitaipitia haraka kwa sababu ni hadithi ile ile ikiwa na nguo nyingine. Dhidi ya yule dereva makini, ukihesabu njia zake tena utapata 48, na tena katika 30 umekaliwa. Tofauti ni kwamba huna hata asi ya kujitetea nayo. Kama hakuna aliyepandisha na umekaa nyuma, pandisha. Kama mtu makini amepandisha kutoka mbele, tupa. Najua inauma, picha mbili zinapendeza macho.

"Lakini zilikuwa za aina moja, kopa tupu!" Hilo nalisikia kila wiki. Karata mbili za aina moja zinakuongezea ushindi wa mara mbili au tatu hivi katika kila mia, basi. Kupata kopa tano kamili kwenye karata tatu za kwanza hutokea mara moja kati ya 119. Kupata nne na kubaki unasubiri moja hutokea takriban mara moja kati ya tisa, na hapo ndipo faida yenyewe ilipo, maana unaweza kuweka dau na kumtisha mwenzako huku ukiwa na njia ya pili ya kushinda. Aina moja igeuze karata ya kusitasita kuwa ya kufuata, isigeuze karata ya kutupa kuwa ya kulipia vizibo mia.

Watu hupenda karata kwa sababu nyingine hata zisizo na kichwa wala miguu. Doyle Brunson, Mmarekani, alitwaa ubingwa wa dunia wa poka Las Vegas mwaka 1976 na tena 1977, na miaka yote miwili karata zake mbili za mwisho zilikuwa ya kumi na ya mbili. Mpaka leo karata hizo mbili zinaitwa kwa jina lake, na mpaka leo wako watu wanaozicheza kwa heshima yake na kufilisika kwa heshima yake. Naamini mezani kwenu yuko mmoja mwenye "karata yangu ya bahati". Mjue ni nani na ni karata gani.

Jozi ya jeki sasa. Hii ni ngumu kwa namna nyingine, kwa sababu ni nzuri kweli. Kabla ya karata za mezani inazidi karibu kila kitu isipokuwa jozi tatu. Ila zikifunuliwa tatu za kwanza, mara 57 kati ya 100 kutakuwa na kwini, kingi au asi angalau moja, na moyo wako utaanza kwenda mbio. Ndiyo maana wachezaji hugawanyika makundi mawili: wanaoitupa mapema kwa hofu, na wanaoing'ang'ania mpaka kaburini.

Kama hakuna aliyepandisha, pandisha kutoka kiti chochote. Kama mmoja amepandisha, mimi hufuata mara nyingi zaidi kuliko kumpandishia, hasa nikiwa naongea baada yake: nikimpandishia mtu makini, zile karata ninazozishinda anazitupa na zile zinazonishinda anabaki nazo. Kisha angalia mmebaki wangapi. Mmebaki wawili, imetoka kwini moja, mwenzako ameweka dau dogo: usikimbie, si kila kwini inayotoka ni yake. Lipa mara moja uone atasema nini. Mmebaki wanne, imetoka kingi, mmoja ameweka dau na mwingine amelifuata: jeki zako zimekufa, zizike.

Na wakipandisha wawili kabla yako? Kampala, sebuleni kwa rafiki pale Ntinda, kulikuwa na mzee mmoja aliyekunywa chai usiku kucha bila kupandisha hata mara moja. Saa tano kijana mmoja akapandisha, mzee akaweka kikombe chini, akampandishia. Mimi nina jozi ya jeki. Nilijua. Kile kikombe kuwekwa chini kilitosha. Na bado nikafuata, kwa sababu nilikuwa nimesubiri jozi nzuri saa tatu nzima. Alikuwa na kingi mbili. Uchovu wa kusubiri ndio uliofuata, mkono wangu ulisukuma tu.

Jozi ndogo, kuanzia mbili mpaka sita, ndizo rahisi kuliko zote, ingawa wewe umeziweka kwenye fungu la ngumu. Hizi ni mtego wa panya. Unautega kwa bei ndogo, unarudi kuangalia, hamna panya, unaondoka. Utatu, yaani karata ya tatu inayofanana na jozi yako, hutokea kwenye zile tatu za kwanza takriban mara moja kati ya nane na nusu. Kwa hiyo swali ni la bei tu: panya akinaswa, ana nyama kiasi gani? Kanuni ninayoitumia ni kwamba mwenzako awe amebakiza angalau mara 15 ya ninacholipa. Kapandisha vizibo 6, basi awe na 90 na kuendelea mbele yake. Kwa nini 15, si tisa? Kwa sababu kuna siku utapata utatu naye asiwe na kitu cha kukulipa, na kuna siku chache utapata utatu naye apate ulio mkubwa kuliko wako. Kama aliyepandisha amebaki na vizibo 40, jozi ya nne itupe, hana nyama. Na tofauti na asi na jeki, jozi ndogo inapenda watu wengi kwenye kapu; wakiwa wanne au watano, kuna uwezekano mkubwa mmoja amepata kitu cha kukulipa.

Utaona kwamba kufuata kunadai karata nzuri zaidi kuliko kupandisha. Anayepandisha ana njia mbili za kushinda: wote watupe, au karata zake ziwe kubwa. Anayefuata amejibakizia moja. Lakini hapo lazima niseme ukweli kuhusu meza yenu: mnacheza kwa vizibo. Dereva aliyekaa foleni siku mbili hatupi karata kwa kuogopa kizibo cha soda. Mkwara hapo haufanyi kazi, usijisumbue. Badala yake, ukiwa na karata nzuri kweli weka dau kubwa zaidi ya ulivyozoea, maana watakulipa.

Kisha kuna kanuni yenu yenyewe, ambayo nadhani hamjaitafakari. Anayelipa ni wa kwanza kuishiwa, na hakuna zawadi kwa mwenye vizibo vingi. Maana yake vizibo unavyopoteza vina uzito kuliko unavyoshinda. Ukiwa na 200 au ukiwa na 380, rolex hununui. Ukiwa na sifuri, unanunua. Kwa hiyo kapu kubwa la kubahatisha nusu kwa nusu, ambalo kwenye mchezo wa kawaida lingekuwa sawa tu, kwenu ni ujinga. Akiwapo mmoja amebaki na vizibo 12, wewe una 150, na mwenye 200 amekupandishia, asi na jeki tupa, hata jozi ya jeki wakati mwingine tupa. Mwache mwenye 12 ahangaike.

Ukiwa wewe ndiye umebaki na 20, kinyume chake. Madau ya lazima yanakutafuna kila mzunguko, na hapo asi na jeki inakuwa karata ya heshima: kama hakuna aliyepandisha kabla yako, sukuma vizibo vyote kwa mpigo. Usifuate kwa 2 halafu utupe, umejipunguzia bure.

(Na vizibo vibaki vizibo. Sheria ya Uganda ya 2016 inamtaka anayeendesha kamari awe na leseni, na aliye chini ya miaka 25 haruhusiwi kabisa kucheza. Matanboi wenu wana miaka mingapi?)

Umeuliza kama kutupa baada ya kulipa dau la lazima ni hasara. Kile kizibo si chako tena, kiko kapuni, ni cha kila mtu. Kinachobaki ni bei unayotakiwa kulipa sasa. Umeweka 2 za lazima, wote wametupa mpaka kwa mgawaji, naye kapandisha mpaka 5. Mwenye 1 katupa. Kapuni kuna 8, wewe unatakiwa kuongeza 3. Unalipa 3 katika jumla ya 11, kwa hiyo inatosha kushinda mara 27 kati ya 100, na kutoka kiti kile mgawaji anapandisha kwa karata nyingi hafifu. Asi na jeki hapo ifuate, hata umpandishie. Lakini akiwa ni yule dereva makini wa kiti cha kwanza, kapandisha mpaka 8, na wengine wote wametupa: kapuni kuna 11, unatakiwa kuongeza 6, jumla 17. Sasa unahitaji kushinda mara 35 kati ya 100. Dhidi ya zile njia zake 48, asi na jeki yako haifiki hata 30. Tupa, kisha mwagizie mwenye banda chai, moja tu, ya kwako.